Mizani Kabla ya Mabawa



Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja aliniuliza tofauti kati ya kuruka na kupaa. Nilimjibu kwa mfano wa kuku: kuku huruka ua wa jirani, lakini hapai. Nikaongeza, kama nifanyavyo siku zote, kwamba ndege mwenye manyoya husemwa "ndege yule", na ndege yenye injini husemwa "ndege ile". Jibu lilikuwa sahihi, ila halikuwa kamili. Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe nimewahi kushika usukani wa ndege kwa muda wa saa 11, wala kwamba fedha nilizozilipia saa hizo zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya mabati ya nyumba ya mama yangu. Leo nakusimulia, kwa sababu ukurasa huu huzungumzia uraia, na katika saa zile nilijifunza mambo ya uraia ambayo vitabu ninavyofundishia vimeyagusa kwa mbali tu.

Nilizaliwa Muyinga, kaskazini mashariki mwa Burundi, upande ule wenye mpaka wa Kobero tunapopakana na Tanzania. Katika mgawanyo mpya wa mikoa wa mwaka 2025, Muyinga imeingizwa katika mkoa wa Buhumuza, lakini sisi wenyeji bado husema tunatoka Muyinga. Kazi yangu iko Gitega, mji ambao tangu mwaka 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya nchi yetu. Ukichukua ramani na rula, utaona kwamba miji hii miwili imeachana kwa takriban kilomita 80. Barabara, hata hivyo, haifuati rula. Inashuka bondeni, inavuka mto Ruvubu, inapita Karuzi, kisha inazunguka kilima baada ya kilima kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba asiyoijua.

Baba yangu naye alikuwa mwalimu huko Gitega. Mwaka 1996, nilipokuwa na umri wa miaka tisa, nchi ilikuwa vitani, na baada ya mapinduzi ya mwezi Julai nchi jirani zilituwekea vikwazo vya uchumi. Mipaka ikafungwa, safari za ndege za abiria zikasimamishwa, na petroli ikawa adimu. Vikwazo hivyo havikuondolewa hadi Januari 1999. Baba, aliyezoea kuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, alikaa miezi mitano bila kutuona. Mabasi yalikuwa machache, na barabara ilikuwa na hatari ambazo watu wazima walizitaja kwa kunong'ona. Siku moja ndege ndogo ilipita juu ya shamba letu la kahawa, ikielekea upande wa Gitega. Mama aliinua uso kutoka kwenye chungu, akaitazama mpaka ikapotea, akasema, "Hiyo itamwona baba yenu kabla maharage haya hayajaiva."

Neno lile lilikaa moyoni mwangu kwa miaka mingi. Si kwamba nilitaka kuwa rubani wa mashirika makubwa, la hasha. Nilitaka jambo moja tu: kuvuka zile kilomita 80 kabla maharage hayajaiva.

Fursa ilikuja kwa mlango wa lugha. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikimfundisha Kiswahili, kwa njia ya intaneti, mgeni mmoja aliyekuwa akiishi Nairobi. Kazi yake ilikuwa kufundisha urubani. Yeye akiniita Mwalimu, nami nikimwita Kapteni. Ngeli zilimtesa kama zinavyokutesa wewe. Jioni moja, baada ya kuchanganya "hiki" na "hili" mara kumi, alicheka akasema, "Mwalimu, tufanye biashara ya wahenga. Saa moja ya ngeli kwa saa moja ya mabawa." Yeye angetoa kazi yake bure, nami vivyo hivyo, bali petroli na kodi ya ndege ningelipa mwenyewe. Nilikuwa na akiba. Ilikuwa na jina tayari, jina lake ni mabati. Nilijiambia kwamba ningeirudisha kabla ya mvua za Septemba. Tafadhali liweke jambo hilo akilini, kwani nitalirudia.

Nilisafiri hadi Kenya wakati wa likizo kubwa, nikarudi tena mwaka uliofuata. Usidhani kwamba Nairobi ni mji mgeni katika mambo ya ndege ndogo. Uwanja wa Wilson umekuwapo kwa miongo mingi, na mwaka 1929 mama mmoja aitwaye Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni yake ya ndege. Jina la uwanja linatokana naye. Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kufanya kazi ya urubani Kenya, aliondoka Uingereza mwezi Septemba 1936 akavuka Atlantiki peke yake kuelekea magharibi, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo kwa njia hiyo. Kwa hiyo nilipofika katika kiwanja kidogo cha udongo kusini mwa Nairobi, upande wa Kajiado, alikokuwa akifundishia Kapteni, nilijiona naingia katika historia ndefu. Historia, hata hivyo, haikunipokea kwa mbwembwe. Ilinipokea kwa zoezi la nyumbani.

"Kabla hujapanda," alisema Kapteni, "chagua ndege. Fanya kana kwamba unanunua."

Alinipa picha na takwimu za ndege sita. Zote zilikuwa za jamii ambayo Wamarekani waliiita, katika kanuni zao za mwaka 2004, ndege nyepesi za michezo. Kanuni ile iliweka mipaka iliyo wazi: viti visizidi viwili, injini iwe moja, uzito wa ndege ikiwa imejaa kila kitu usizidi kilo 600 kama inatua nchi kavu, na mwendo wake wa juu kabisa usipite takriban kilomita 222 kwa saa. Muhimu kuliko yote, iweze kuendelea kubebwa na hewa hata mwendo unapopungua hadi karibu kilomita 83 kwa saa. Mwaka 2025 Wamarekani hao hao wameulegeza mpaka wa uzito na kutegemea zaidi ule wa mwendo wa chini. Anayejifunza kurusha ndege za jamii hii huko kwao anatakiwa kutimiza angalau saa 20 za mafunzo, ilhali leseni ya kawaida ya rubani binafsi, kwa kanuni za kimataifa, huhitaji saa 40 kwa kawaida.

Nilichagua upesi. Nilichagua nyekundu, yenye mabawa yaliyo chini na pua iliyochongoka kama samaki wa Tanganyika.

"Kwa nini hii?" aliniuliza.

"Ni nzuri," nikajibu.

"Utairusha wapi?"

Hapo ndipo darasa lilipoanza. Injini ya kawaida ya ndege ndogo huvuta hewa kama mimi na wewe tunavyovuta. Kadiri unavyopanda juu, hewa huwa nyepesi, na injini hupungukiwa na nguvu kwa kiasi cha asilimia 3 kwa kila mita 300 hivi. Bujumbura, kando ya ziwa, iko mita 780 hivi juu ya usawa wa bahari. Gitega iko zaidi ya mita 1,500. Nairobi inakaribia mita 1,700. Injini iliyoandikwa kuwa na nguvu za farasi 100 kule pwani, ikifika Nairobi farasi kama 17 wamekwisha kutoroka. Mabawa nayo hupata hewa pungufu ya kuegemea. Mchana wa jua kali, umbali ambao ndege inahitaji kukimbia kabla ya kupaa unaweza kukaribia kuwa maradufu. Ile nyekundu yangu ilitengenezwa kwa watu wenye njia ndefu za lami karibu na bahari. Katika kiwanja kifupi cha udongo, juu ya vilima vyetu, uzuri wake ungeishia katika miti ya mwisho wa uwanja.

Kisha alinipa maswali mengine, nami nakupa wewe kama yalivyo. Fundi wa kuitengeneza yuko wapi, na vipuri hutoka wapi? Inakunywa petroli gani: ile maalumu ya ndege, inayopatikana kwa shida, au ile ya kituo cha magari? (Injini za Rotax, zinazotengenezwa Austria na kutumika katika nyingi za ndege hizi, zinaweza kutumia ya magari.) Magurudumu yake yanastahimili mashimo? Ikipunguza mwendo, je, inakuonya kwa kutetemeka, au inaanguka ghafla? Mwishowe nilichagua ndege yenye sura ya panzi: mabawa mapana juu ya paa, miguu mirefu, matairi manene, rangi nyeupe iliyochoka. Kapteni aliniambia hiyo ndiyo tutakayojifunzia. Alikuwa anaimiliki kwa ubia na wenzake watatu.

Nilifikiri sana usiku ule juu ya jinsi tunavyochagua mambo mengine. Mara ngapi tumechagua kiongozi wa chama, shule ya mtoto, au hata mchumba, kwa pua iliyochongoka, bila kuuliza: atarukia wapi?

Asubuhi ya pili ililetwa mizani. Mizani ile ile ya kupimia magunia.

Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa darasa la nne. Ndege tupu ilikuwa na kilo 360. Mpaka ni 600. Zilibaki 240 kwa ajili ya watu wawili, petroli na mizigo. Kapteni alisema uzito wake, 92, kisha akauliza wangu. Nikasema 72. Ndio uzito niliokuwa nao nilipooa, na niliutaja bila kusita, kama mtu anavyotaja jina lake. Lita 90 za petroli, kila lita ikiwa na kilo 0.72, zilikuwa karibu kilo 65. Jumla 229. Nikafurahi: zimebaki kilo 11, na mfuko wangu wenye vitabu vyake vya Kiswahili ulikuwa na kilo 10. Nikaubeba kuelekea mlangoni.

"Panda mizani," alisema.

Sindano ilisimama kwenye 78.

Msomaji wangu, kilo sita ni kitu gani? Ni watermeloni moja. Lakini kwa kilo hizo sita, pamoja na vitabu, tulikuwa tumeupita mpaka kwa kilo tano. Hatukuwa tumeupita kwa sababu ndege ni mbovu, au upepo ni mkali, bali kwa sababu mimi, mwalimu wa uraia, nilisema uongo mdogo kwa kuona haya. Nilijitetea kwamba watengenezaji bila shaka wameacha nafasi ya ziada. Kapteni hakunikaripia. Alisema tu, "Nafasi ya ziada waliiacha kwa ajili ya upepo, Mwalimu. Wewe umekuja kuitumia kwa ajili ya aibu." Vitabu vilibaki chini.

Tangu siku ile, kila ninaposikia takwimu zikipunguzwa au kuongezwa ili zipendeze, iwe idadi ya wanafunzi waliohudhuria, magunia ya mbolea yaliyogawiwa, au kura zilizohesabiwa, naiona sindano ile ikisimama kwenye 78. Uongo wa takwimu hauonekani ndege ikiwa imesimama. Huonekana mwisho wa njia ya kurukia, wakati nafasi ya kusimama imekwisha.

Kujifunza kwenyewe kulianza kwa kuizunguka ndege kwa miguu. Unagusa kila nati kwenye mabawa, unatazama pangaboi kama lina ufa, unachukua petroli kidogo kutoka chini ya tangi katika kikombe kinachopenyesha mwanga, uone kama kuna maji. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hujilaza chini. Haya yote huandikwa katika orodha, na orodha husomwa kwa sauti. Nilipoijua kwa moyo, nikaanza kuisema bila karatasi. Kapteni alinirudishia karatasi mkononi. Alisema kwamba marubani wa miaka thelathini husoma, na kwamba kumbukumbu hudanganya hasa siku ile unapokuwa na haraka.

Na angani je? Nitakuwa mkweli: saa ya kwanza nilitokwa na jasho mikononi hata usukani ukateleza. Nilizoea gari, ambalo ukitaka kwenda kushoto unazungusha na limekwisha. Ndege huinama kwanza, ndipo igeuke, na miguu nayo ina kazi yake kwenye pedali. Nilipovuta usukani kwa nguvu ili tupande upesi, pua ilipanda, mwendo ukapungua, mabawa yakaanza kutetemeka. "Sukuma mbele," aliniambia kwa utulivu. Kila kiungo cha mwili wangu kilikataa. Ardhi iko chini, nawe unaambiwa uielekeze pua huko huko chini! Nilisukuma, mwendo ukarudi, kutetemeka kukakoma. Katika saa zangu zote 11, hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, na nililirudia mpaka mkono ukakubali.

Siku ya nne tuliomba ruhusa kuingia anga ya Wilson. Hapa, mwanafunzi wa lugha, tega sikio. Mazungumzo ya rubani na mnara wa kuongozea ndege katika safari za kimataifa huhitaji Kiingereza, na tangu mwaka 2008 kuna kiwango cha ufasaha ambacho rubani lazima akifikie. Mimi, niliyesoma kwa Kifaransa na kufundisha Kiswahili, nilikaa pale kama mtoto wa darasa la kwanza. Mnara ulitoa maagizo. Mimi nikajibu, kwa adabu yangu yote, kwamba nimesikia. Mnara ukanyamaza. Kapteni akaniashiria: rudia. Kumbe kusema "nimesikia" hakutoshi. Maagizo muhimu, kama vile kimo, mwelekeo na njia utakayotua, lazima uyarudie jinsi ulivyoyapokea, ili aliyeyatoa ajue kwamba kilichofika ndicho kilichotumwa. Ukikosea, anakusahihisha, na hakuna anayecheka.

Wewe unayejifunza Kiswahili, mara ngapi umeitikia "ndiyo, ndiyo" sokoni ilhali hukuelewa bei? Mara ngapi sisi wananchi tumepiga makofi mkutanoni bila kuweza kurudia kilichosemwa? Kurudia maneno ya mwenzako kabla ya kutenda si unyonge. Katika anga ndiyo sheria, na laiti ingekuwa sheria hata katika vikao vyetu vya mtaa.

Niliuliza pia swali la kijinga, kama ilivyo haki ya kila mwanafunzi: anga ni ya nani? Nilidhani ni kama upepo, ya wote. Kapteni alinieleza kwamba Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini mwezi Desemba 1944, unaanza na jambo hilo hilo katika kifungu chake cha kwanza: kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Nikakumbuka mwaka 1996. Nilipokuwa mtoto nilidhani vita ndivyo vilivyofunga njia zote. Sasa nikaelewa kwamba anga ya nchi yetu ilifungwa kwa saini, na ikafunguliwa kwa saini. Hakuna ukuta uliojengwa juu ya shamba letu la kahawa. Karatasi ilitosha.

Nilirudi Gitega baada ya likizo ya pili nikiwa na saa 11 katika daftari langu. Mwezi wa Novemba ujumbe ulifika. Kapteni alikuwa anahama Afrika Mashariki. Alitaka kuiuza robo yake ya ile ndege panzi, na wale wabia watatu walikuwa tayari kuihamishia popote penye mapato. Alinifikiria mimi kwanza. Kwa nini isije Burundi, akaandika. Gitega kuna kiwanja cha ndege, na bei angenipunguzia, nimlipe kwa miaka mitatu. Ningemalizia mafunzo, ningepata leseni, halafu siku moja, Mwalimu, kilomita zako 80.

Nilipiga hesabu usiku kucha, safari hii kwa ukweli. Kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa, Gitega hadi Muyinga ni nusu saa na dakika chache. Injini hunywa lita 18 hivi kwa saa. Basi kwenda na kurudi ni lita 20, na akiba ya nusu saa ambayo rubani mwenye akili haigusi ni lita 9. Lita 29. Mtu mmoja, au wawili, wamwone mama na kurudi.

Asubuhi nilitoka kwenda kazini. Wewe usiyeishi kwetu huenda hujui kwamba katika miaka hii ya karibuni petroli imekuwa adimu tena, kiasi kwamba magari hulala kwenye foleni. Nilipita kwenye kituo kimoja cha mafuta. Foleni ilikuwa imezunguka kona. Pikipiki zilisukumwa kwa mkono. Katikati ya foleni lilisimama gari la wagonjwa, mlango wa nyuma wazi, dereva wake amelala juu ya kitanda cha wagonjwa. Nilisimama nikalitazama. Sikuhitaji mizani.

Jumamosi ile nilipanda basi kwenda Muyinga. Tulisubiri saa nne liondoke. Mvua ilikuwa ikinyesha nilipofika, na sebuleni kwa mama kulikuwa na beseni mbili, sufuria moja na ndoo, kila kimoja kikipokea matone kwa sauti yake. Nilikaa kati ya ndoo na beseni, nikamweleza yote: Kajiado, mizani, mnara, na fedha za mabati.

Hakupaza sauti. Alimwaga maji ya beseni nje, akarudi, akauliza, "Na hiyo ndege, mwanangu, ingetua wapi hapa? Kwenye kahawa ya nani?"

Nilianza kumwambia kwamba ningeomba ruhusa, kwamba kutua katika shamba au uwanja wa mpira bila kibali ni kosa, kwamba kuna taratibu. Nikasikia sauti yangu ikipungua. Katika maswali yote niliyofundishwa, lile la kwanza, utairusha wapi, nilikuwa nimelijibu kwa ufasaha. La pili, itatua kwa nani, sikuwa nimelifikiria kamwe.

"Baba yako," akaendelea, "mwaka ule alikuja kwa miguu na kwa malori. Siku sita. Hukumbuka kwa sababu ulikuwa umelala alipofika. Sikumuuliza amekuja na nini. Nilimuuliza kama amekula."

Nilimwandikia Kapteni kwamba robo yake sitaichukua. Mshahara wa Desemba na wa Januari ulikwenda kwenye mabati, na kaka yangu akatoa misumari na fundi. Mvua za Februari zilikuta paa limekamilika.

Nisingependa umalize kusoma ukidhani kwamba ninakuhubiria dhidi ya ndege ndogo, au kwamba moyo wangu umetulia. Haujatulia. Daftari lenye saa 11 liko juu ya kabati langu, na ninaposikia injini angani bado nainua uso. Ndege nyepesi zina kazi yao katika nchi zetu. Madaktari wa angani walianza safari zao Kenya mwaka 1957, wakifika kwa wagonjwa ambao barabara isingewawahisha. Wahifadhi wa Tsavo wamekuwa wakiruka na ndege za viti viwili juu ya tembo kwa miaka mingi. Na kama wewe ni kijana wa nchi zetu unayetaka urubani kuwa kazi, chuo cha Soroti nchini Uganda, kilichoanzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1971, ni mlango unaostahili kuubisha. Petroli ikipatikana, na nikipata shughuli ambayo itawafaa watu zaidi ya mimi na hamu yangu, nitarudi Kajiado kuianza saa ya 12. Nitapanda mizani bila kuambiwa.

Nilichotaka kukuambia ni kwamba kuchagua ndege kulinifundisha kuuliza maswali mawili, nami nilijifunza moja tu shuleni; la pili nilifundishwa na mama, chini ya paa linalovuja. Kila unapotaka jambo kubwa, liwe la kwako au la umma, uliza litaondokea wapi, na uliza litatua kwa nani.

Zoezi la wiki hii ni jepesi. Andika aya moja juu ya kitu ulichokitamani sana, ukitumia "ingawa", "ilhali" na "laiti" angalau mara moja kila kimoja. Kisha msomee mwenzako, naye akurudishie kwa maneno yake alichosikia. Kama kilichofika sicho kilichotumwa, msicheke. Rudieni.

Wasalaam,
Mwalimu wenu, Gitega